Aliyeketi Juu ya Haro

Ndoto hii haikungoja giza. Ilinikuta jana Jumapili, saa nane mchana, nimejilaza kwenye mkeka sebuleni baada ya kula makande. Niliota nimeamka kwenye mkeka uleule, nina viatu vya kazi miguuni, na haro yangu imesimama mlangoni.

Haikuwa nyuma ya trekta. Ilikuwa yenyewe, sahani zake kumi na nane katika safu mbili, tisa mbele na tisa nyuma, imekanyaga kizingiti na haitaki kuingia mpaka ikaribishwe.

"Damiano," ikasema, "tunachelewa."

Kwa asiyenijua, mimi ndiye mwenye trekta pale Gidahari, kijiji kidogo upande wa Babati. Plau ikishapita na kuacha mabonge, mimi napiga haro mpaka udongo ulainike na mbegu ipate pa kulala. Mashamba ya kwetu ni vipande. Baba akifa, watoto wanagawana kwa urefu, na watoto wao wanagawana tena, mpaka mtu anabaki na kipande chembamba ambacho trekta kubwa ikiingia haina pa kugeukia. Haro kubwa hazifai huku. Yangu ni fupi, na kwa fujo hizo za mipaka naijua kama ninavyoujua mkono wangu.

Lakini haikuwahi kusema. Nikaona si vizuri kuiuliza imeanza lini.

Nikatoka. Trekta ilikuwa uani, injini inanguruma, hakuna aliyeiwasha. Haro ikajiburuza mpaka nyuma yake, ikakaa sawa, ikaniambia nianze kufunga mkono wa trekta wa kushoto, kisha wa kulia, kisha ule wa juu. Ndivyo inavyofungwa siku zote, kwa hiyo sikuwa na la kubishana. Nikafunga wa kushoto, nikafunga wa kulia. Nilipoinuka kufunga wa juu, nikamwona Tluway.

Alikuwa ameketi juu ya fremu ya haro, katikati, kofia yake ya sufu kichwani, miguu inaning'inia kwenye nafasi iliyo kati ya safu ya mbele na ya nyuma.

Tluway alikuwa jirani yangu na rafiki yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati bado naendesha trekta ya watu. Alikufa miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akamwacha mkewe Bertila na watoto watatu. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Shuka," nikamwambia. "Mtu hapandi kwenye haro. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Mtu hapandi," akakubali. "Mimi ni uzito. Ardhi ni ngumu mwaka huu, bila uzito sahani hazitazama."

Kweli ardhi ilikuwa ngumu. Watu wengine huweka mawe. Nikafunga mkono wa juu, nikapanda kwenye usukani.

*

Tunafika shambani bila kupita njiani. Palipokuwa uani kwangu sasa ni shamba, na banda la trekta liko mbali sana, dogo kama kiberiti. Jua lipo juu lakini halina joto. Hakuna ndege. Trekta inanguruma, lakini sauti yake inatoka mahali pengine, kama ya trekta ya kijiji cha pili.

"Umepima udongo?" anauliza Tluway.

Nashuka kupima. Unachota udongo wa kina cha kiganja, unabana. Ukibaki bonge linalong'aa, bado mbichi, unarudi nyumbani. Ukivunjika vipande vipande, unaanza kazi. Nikachota, nikabana.

Na wenyewe ukanibana.

Haukubana kwa nguvu. Ulinishika vidole vinne, kama mtu mzima anavyomshika mwenzake akitaka amsikilize.

"Unanishika," nikasema.

"Basi uko tayari," akajibu Tluway. "Ungekuwa mbichi ungeteleza."

Nikasubiri mpaka uliponiachia, nikajipangusa kwenye suruali, nikarudi kwenye usukani. Nikashusha haro. Tluway akazama nayo kidogo, kofia ikashuka usawa wa gurudumu.

Kazi ya haro ni kuangalia nyuma. Anayeangalia mbele tu ataharibu shamba. Safu ya mbele inautupa udongo nje, safu ya nyuma inaurudisha ndani, na ukiwa umefunga vizuri, nyuma yako panabaki sawa kama kitanda kilichotandikwa. Basi nikawa naangalia nyuma. Kwenye ile nafasi iliyo kati ya safu mbili, chini ya miguu ya Tluway, ndipo nilipoanza kuona vitu.

Safu ya mbele ilifukua mwiko. Safu ya nyuma ikaufukia. Safu ya mbele ikafukua kiatu cha shule cha mtoto, kimoja, kamba zimefungwa. Safu ya nyuma ikakifukia. Kisha sufuria ya ugali, bado inatoa mvuke. Kisha daftari. Kisha kipande cha sabuni kikiwa na povu, maana yake kuna mtu alikuwa amekishika muda uleule.

"Vya nani hivi?" nikauliza.

"Vya kwetu," akasema Tluway. Alikuwa anainua miguu kidogo ili vipite. "Unapita jikoni."

"Jiko lenu liko mbali na hapa."

"Lilikuwa mbali," akasema. "Tazama mbele, mwisho unakuja. Inua!"

Nikainua. Haro haigeuzwi ikiwa ardhini, inapinda fremu na kuchimba shimo. Nikavuta kipini, sahani zikatoka ardhini zikizunguka taratibu, Tluway akapanda juu nazo, nikakata usukani kushoto.

*

Tulipomaliza kugeuka tulikuwa ndani ya nyumba ya Tluway, siku ya matanga yake.

Trekta ilikuwa imeenea vizuri. Watu walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, na tulipokaribia waliinua miguu ili magurudumu yapite, bila kukatisha wimbo. Nikapita kwa gia ndogo. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai aliniwekea kikombe juu ya bodi ya injini, akasema pole. Nikasema asante, tumeshapoa.

"Usishushe bado," Tluway akanong'ona nyuma yangu. "Subiri trekta inyooke."

Nikaona pembeni, karibu na kabati, mtu amevaa koti langu jeusi. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nalia. Sikuwa naigiza, siku ile nililia kweli, na katika ndoto nilijiona machozi yakishuka hadi kwenye kola, nikajihurumia.

Yule mimi mwingine akasimama. Wimbo ukanyamaza. Akafuta uso kwa leso, akasema:

"Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Shamba la shemeji yangu Bertila nitalilima mimi kila msimu. Asihangaike kutafuta mtu mwingine. Mimi nipo."

Watu wakasema amina. Bertila alikuwa kwenye kona, khanga imemfunika kichwa. Aliinua uso akamtazama yule mimi, kisha akanitazama mimi niliye kwenye trekta. Kati yetu wawili alijua yupi wa kumtazama zaidi.

"Imenyooka," akasema Tluway. "Shusha."

Sikutaka kushusha. Mle ndani mlikuwa na watu.

"Damiano. Ukichelewa kushusha unaacha kipande hakijalimwa, kisha kesho unakitafuta. Shusha."

Nikashusha, na chini yetu kulikuwa na shamba.

*

Sasa ndipo sahani ya mwisho ilipoanza kulalamika. Ni ile ya kulia kabisa, safu ya mbele, inayopita ukingoni. Ilikuwa inazunguka kwa tabu, na kila ikizunguka ilicheua vumbi.

"Nimeshiba," ikasema.

Nikaendelea kuendesha. Haro ikianza kuzungumza na dereva njia nzima, kazi haiendi.

"Hizi nyingine zinakula udongo wako tu," ikaendelea. "Hazina shida. Mimi kila mwaka unanilisha wa mtu mwingine. Mwaka wa kwanza ulinisogeza kidogo, nikala. Mwaka wa pili ukanisogeza tena. Mimi ni chuma, sikuuliza. Lakini udongo wa mtu mwingine haushuki, Damiano. Umenikaa hapa."

Haikuwa na mkono wa kuonyesha hapo ni wapi, lakini nilielewa.

Nitasema, kwa kuwa katika ndoto nilisema, na aliyeketi nyuma yangu alisikia. Baada ya Tluway kufa nililima shamba la Bertila kila msimu kama nilivyoahidi. Kati ya shamba langu na lake hapana ukuta wala jiwe, ni mstari wa majani tu, na haro ikipita, mstari huo unahama. Mwaka wa kwanza ulihama kwa bahati mbaya. Nilipoona hakuna aliyeuliza, mwaka wa pili niliuhamisha mwenyewe, upana wa sahani mbili. Wa tatu, mbili. Wa nne, mbili. Nilijiambia ni kidogo. Ukisimama pale huoni. Unaona tu kwamba mahindi yangu yana mistari mitatu zaidi.

"Ni upana wa sahani mbili tu kila mwaka," nikasema kwa sauti, bila kugeuka.

"Najua," akasema Tluway. Sauti yake haikuwa na hasira. "Nilikuwa nakuona. Nipeleke kwangu sasa. Nimechoka kukaa juu ya chuma."

"Kwako wapi?"

"Kwangu. Nishushe, nipumzike."

Nikaendesha kumtafutia kwake. Niliendesha muda mrefu. Upande wa kulia kila nilipotazama lilikuwa shamba langu, na baada ya shamba langu lilikuwa shamba la mtu wa upande wa pili. Mwishowe nikaona kitu katikati, nikadhani ni kamba iliyoanguka. Nikazima trekta, nikashuka.

Ulikuwa udongo. Kipande cha ardhi chenye upana wa viganja viwili, kirefu mpaka huoni mwisho. Na juu yake alisimama Bertila na watoto wake watatu, mmoja nyuma ya mwingine, wamesimama kwa ubavu ili watoshe. Walikuwa wameweka mafiga matatu kwa mstari, na juu ya kila figa sufuria ndogo, moja ya ugali, moja ya mboga, moja ya maji.

"Karibu, shemeji," akasema Bertila. "Utatusamehe, hatuna pa kukukalisha. Ila ukisimama kwa ubavu utaenea."

"Hapana, nipo sawa huku," nikasema. Kwa kuwa huku kulikuwa kwangu.

"Kula kidogo basi."

Mtoto wa mwisho akaninyooshea kipande cha ugali. Mkono wake ulipovuka mstari, mama yake akamgonga kidogo. "Usiingize mkono kwa watu," akamwambia. Mtoto akaurudisha mkono, na ugali ukabaki kwake.

Tluway akashuka kwenye haro. Akawasogelea watu wake, akawapita bila kuwagusa, wao wakazidi kujibana. Akafika mahali fulani, akasimama, akavua kofia. Nilipajua mahali pale, hata katika ndoto nilipajua. Ndipo tulipomzika, shambani kwake, hatua tatu kutoka mstari wa majani. Hatua tatu siku ile. Saruji hawakuwa na uwezo wa kuweka, walipanga mawe tu.

"Hapa," akasema, akalala chali.

Hakutosha. Mabega yake yalitokeza pande zote mbili.

"Ngoja nilale kwa ubavu," akasema. Akageuka. Hata kwa ubavu hakutosha. Akakunja magoti, magoti yakaingia kwangu. Akayanyoosha, mkono ukaanguka kwangu. Akautazama mkono wake ulipolala juu ya udongo wangu laini, uliolimwa vizuri, akaurudisha haraka kifuani.

"Samahani, Damiano," akasema. "Mkono umeingia kwako."

Nilisimama pale na ufunguo wa trekta mkononi. Nilitaka kumwambia aache tu mkono, alale anavyotaka, lakini kinywa kilikuwa kimejaa vumbi, na nilipojaribu kutema, halikutoka. Lilikuwa limenikaa hapa.

Alijaribu mara tatu. Bertila na watoto walitazama upande mwingine, kama mtu anavyofanya mgeni akivua nguo. Kisha Tluway akainuka, akajikung'uta, akavaa kofia.

"Basi nitaendelea kukaa kwenye haro," akasema. "Si vibaya. Unalima tena kesho?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Utapita hapa?"

Nikatikisa tena. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Upana wa sahani mbili.

Akafikiri kidogo, kama alivyokuwa akifikiri zamani akiwa ananifundisha, kidevu juu ya kidole gumba.

"Basi punguza pembe," akasema. "Umefunga sahani kwa pembe kali, zinatupa udongo mbali. Karibu na watu hazifungwi hivyo. Toa pini tundu la nne, weka tundu la pili. Sahani zitakaa karibu wima, hazitanifukua."

"Hiyo pini haitoki," nikasema, na sauti ikarudi kwa kuwa tulikuwa tunazungumza kazi. "Ina kutu tangu mwaka juzi. Nimeipiga nyundo mpaka nimechoka."

"Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mimi nainua fremu, wewe unasukuma. Njoo."

Nikaenda. Akaingiza bega chini ya fremu, akainua. Nilimsikia akiguna kidogo kwa uzito. Mikono yetu ilikutana kwenye pini. Mkono wake ulikuwa mkavu na baridi, una chembe za mchanga. Nikasukuma. Pini ikalia kwa sauti ndefu ya chuma, ikatoka.

"La pili," akasema. "Hesabu kutoka kwangu."

Nikaiingiza. Nikaamka.

*

Redio ilikuwa inapiga kwaya. Emiliana, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Kumbe uko ndani?" akaniuliza.

"Nilikuwa nimelala. Kwani vipi?"

"Nimesikia chuma kikilia bandani. Nikajua umemwita fundi."

Nikatoka bila viatu. Trekta ilikuwa bandani, ya baridi, vumbi la siku tatu juu ya kiti. Haro ilikuwa nyuma yake, imeshushwa chini kama nilivyoiacha. Nikainama kwenye pini ya pembe.

Ilikuwa kwenye tundu la pili. Tundu la nne lilikuwa wazi, na kuzunguka mdomo wake kulikuwa na pete ya kutu iliyopasuka, unga mwekundu bado uko juu ya fremu, haujapeperushwa.

Emiliana alikuja akasimama nyuma yangu. "Ni nani ameitoa?" akauliza. "Wewe si ulisema mpaka ikatwe kwa moto?"

Nikamwambia ninakwenda kwa Bertila. Akatazama miguu yangu, akaniletea ndala.

Bertila alikuwa uani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Watoto walikuwa wamekwenda kuchota maji. Alinikaribisha, akanivutia kigoda, nikakataa kukaa.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kusema jambo baya. Nimelila shamba lenu. Kila msimu, kidogo kidogo, tangu Tluway afariki. Ni mimi. Si mvua wala si haro. Na kesho nilikuwa niendelee."

Alichambua maharage mengine mawili matatu. Akatupa kijiwe.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili, shemeji. Mtu anayepanda kwa mkono anajua mistari yake."

"Mbona hukusema? Hata kwa mwenyekiti?"

"Ulilia sana kwenye matanga," akasema. "Nani angenisikia? Nikasema nisubiri ufike kwenye kaburi. Nilitaka nione ukifika pale utageuka au utapita."

Nilielewa kwamba ananiuliza.

"Sijui," nikamjibu. "Kweli, shemeji, sijui."

Alinitazama kwa muda, kama alivyonitazama kule ndotoni. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nikasikia akisogeza kitu chini ya kitanda. Alitoka na vigingi sita vya mpaka, vya mti, vimechongwa ncha, vimefungwa kwa ukambaa. Vilikuwa vikavu kabisa, vya kijivu, vya siku nyingi.

Akanipa vyote, na nyundo juu yake.

"Haya," akasema. "Twende. Anzia upande wako."